Libanga haiko kasala: juu ya matangazo yanayojificha na vijana wetu

Mu mazungumzo ya watu wa utamaduni, hapa Lubumbashi na hata kwingine, kuna neno moja linalorudi sana. Linasemwa na watu waliosoma, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata kesi. Neno lenyewe ni hili: « Mabanga ya wanamuziki haiko kitu kipya. Ni kasala yetu ya zamani, imebadili nguo tu. » Na sasa neno hilo limeongezwa mkia. Kijana anayesimama mbele ya simu yake na kusifu losheni, anayeonyesha tiketi ya pari iliyoshinda, anayetaja jina la kampuni katikati ya kichekesho, naye anaitwa mwana wa mila. « Wazee walisifu watu kwa malipo, mtoto anasifu bidhaa kwa malipo. Tofauti iko wapi? »

Tofauti iko, na ni kubwa. Ninaandika kurasa hizi juu ya kuionyesha, kwa sababu ninaona hatari mbili. Ya kwanza: vijana wetu wanavutwa kila siku na matangazo ambayo hawajui kama ni matangazo. Ya pili, na hiyo njo inanisukuma kuandika mu kitabu hiki: mila yetu inaombwa kutoa cheti kwa udanganyifu huo. Mtu akiibiwa ni shida. Mtu akiibiwa, kisha aambiwe kwamba mwizi ni mjomba wake na alikuwa na haki ya kuchukua, hiyo ni shida mara mbili.

Tuelewane kwanza, ndugu msomaji. Tangazo la wazi sina vita nalo. Mama wa soko ya Kenya anayeita « Mukuye mama, mukuye baba, nyanya ni ya leo hii! » anatangaza, na kila mtu anajua kwamba anauza. Bango la bia kwenye barabara kubwa ni bango, na halijidai kuwa rafiki yako. Ninaposema tangazo linalojificha, ninataka kusema maneno ya biashara yaliyolipwa ambayo yanavaa sura ya kitu kingine: wimbo, habari, ushuhuda, kichekesho, urafiki. Msikilizaji anafungulia rafiki mlango, na anayeingia ni muuzaji.

1. Sifa ya wazee ilikuwa na mwenyewe

Tuanze na kasala, maana wanaoitaja sana si wote waliokaa chini kuisikiliza. Kasala ya Waluba iliandikwa na watu wetu wenyewe. Patrice Mufuta aliichunguza mu kitabu kizima, na Clémentine Faïk-Nzuji akatoa cha kwake hapa Lubumbashi mu 1974. Mwenye kutaka atafute vitabu hivyo, ama aende kwenye kilio ambako mwimbaji wa kweli ameitwa. Ataona kwamba sifa ile ina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza: mwenye kusifu anajulikana. Mwena kasala anasimama mbele ya watu, kwenye kilio, kwenye ndoa, siku ya kumpokea mkubwa. Hakuna anayemdhania kuwa mpita njia aliyeguswa tu moyoni. Watu wote wanajua kwamba kusifu njo kazi yake.

Kanuni ya pili: anayesifiwa anajulikana, pamoja na sababu. Kasala haitaji jina na kukimbia. Inataja babu na bibi, inataja nyumba na mahali wanapotoka, inataja matendo. Na wanaosikiliza ni watu wa ukoo uleule: mwimbaji akikosea babu ya mtu, kuna mzee hapo wa kumrudisha kwenye njia.

Kanuni ya tatu: malipo yanaonekana. Zawadi inatolewa hadharani, mbele ya macho ya wote. Hakuna bahasha inayopita nyuma ya nyumba.

Kanuni ya nne, ambayo inasahauliwa zaidi: sifa inamfunga anayesifiwa. Mwimbaji anaweza kumkumbusha wajibu wake, anaweza hata kumchoma kidogo mbele ya watu. Ukiitwa mwana wa simba, ni juu ya kukuuliza: na wewe umefanya nini? Waswahili wa pwani wana methali isemayo « Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji ». Wazee wetu walijua hatari ileile, njo maana walichanganya sifa na deni.

Waluba wa Katanga walikuwa pia na mbudye, watu wa kumbukumbu ambao walisoma lukasa, ule ubao wa shanga, na kueleza habari za wafalme. Nao hawakuwa waropokaji. Waliingizwa mu chama chao kwa mafundisho, na walichosema kilikuwa juu ya vichwa vyao.

Hiyo njo maana yangu ninaposema kwamba sifa ya wazee ilikuwa na mwenyewe. Kama neno liliharibika, uliweza kulirudisha kwa aliyekuuzia.

2. Jiwe linalotupwa

Sasa tuangalie libanga. Neno ni la Kilingala, maana yake jiwe. « Kobwaka libanga » ni kutupa jiwe, yaani kutaja jina la mtu ama kampuni katikati ya wimbo, kwa malipo. Picha yenyewe inatufundisha: jiwe linatupwa, linampata mtu kichwani, na aliyetupa amekwisha kupotea mu umati.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Luambo Makiadi Franco alipoimba « Azda » mu 1973, wimbo ule ulikuwa kazi ya kampuni iliyouza magari ya Volkswagen Kinshasa. Lakini jina la wimbo lilikuwa njo jina la muuzaji! Uliweza kuupenda ama kuuchoka, hukuweza kusema kwamba hukujua. Mu 1984, Franco huyohuyo alitoa « Candidat na biso Mobutu », wakati wa uchaguzi ambao ulikuwa na mgombea mmoja tu. Huo nao ulikuwa tangazo, la siasa, na anayetangazwa alikaa mu kichwa cha wimbo. Sisemi ilikuwa vizuri. Ninasema lilikuwa tangazo lenye uso.

Baadaye, hasa mu miaka ya 1990 na ya 2000, mambo yalibadilika. Majina yakaanza kunyesha mu wimbo mmoja kama mvua ya mawe. Mwenye duka la nguo Ulaya, mwanasiasa, mtu wa duane, mwenye pesa ambazo hakuna anayejua zinatoka wapi: wote walipata jiwe lao, wote waliitwa « bosi » ama « prezidenti ». Amefanya nini mtu huyu? Wimbo hausemi. Babu yake ni nani? Hausemi. Amelipa ngapi? Hapo njo kimya kabisa. Mtoto wa Katuba anayejua nyimbo zote kwa kichwa anakua na majina ya watu wakubwa kumi na mbili ambao ukubwa wao wote ni kwamba walilipa.

Mu miaka ileile ya 2000, viwanda viwili vya bia vya Kinshasa, Bralima na Bracongo, vilishindana kwa kuchukua wanamuziki wakubwa, kila kimoja na wake. Vijana walibishana usiku kucha: nani mkubwa, nani mdogo, nani alimtukana nani. Waliona ugomvi wa wanamuziki, hawakuona kwamba nyuma ya kila jukwaa kulikuwa kasha la chupa. Ukimpenda mwimbaji huyu, unakunywa bia hii. Ukikunywa ile nyingine, umekuwa msaliti. Vijana wengi walichagua bia yao ya kwanza namna hiyo, na walifikiri wamechagua wimbo.

Sasa pima libanga na zile kanuni nne. Mwenye kusifu anajulikana, ndiyo, lakini anajulikana kama mwimbaji wa mapenzi, si kama mtu aliyelipwa kusifu. Anayesifiwa ni jina bila matendo. Malipo hayaonekani. Na sifa haimfungi mtu kwa kitu chochote. Kwa kanuni nne, libanga linaanguka mara nne. Mwanafunzi wangu akipata alama hizo, siwezi kumwambia baba yake kwamba mtoto amefuata nyayo za babu.

3. Kanzu nyeupe na bahasha

Mtu asifikiri kwamba kujificha ni ugonjwa wa muziki peke yake, ama kwamba kulianza na simu. Mu miaka ya 1960 na ya 1970, kampuni za maziwa ya unga ya watoto zilituma wanawake mu nyumba za uzazi za Afrika na Asia. Wanawake hao walivaa kanzu nyeupe. Mama aliyetoka tu kuzaa alimwona mwuguzi, akamsikiliza kama anavyomsikiliza mwuguzi, na kumbe wengine wao walikuwa wafanyakazi wa muuzaji. Mama alianza kopo, ziwa lake likakauka, kisha pesa ya kopo la pili haikupatikana. Maziwa yakachanganywa na maji mengi, tena maji machafu. Mu 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha kushitaki mambo hayo. Mu 1977 watu wa Marekani walianza kugomea bidhaa za Nestlé, na mu 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia biashara ya namna hiyo.

Angalia vizuri kosa lilikuwa wapi. Maziwa ya unga yaliuzwa madukani, na mu maduka yalikuwa na bei na jina. Kosa kubwa lilikuwa ile kanzu. Kama mwanamke yule angesema « Mama, mimi ni wa kampuni, ninauza maziwa », mama angemsikiliza kwa sikio lingine, na pengine angemuuliza bibi yake kwanza. Kanzu ilikuwa kazi yake kuzima swali.

Hapa kwetu kuna nguo nyingine tunayoifahamu sana: habari. Waandishi wa Kongo wana neno lao, « coupage »: bahasha anayopewa mwandishi na yule ambaye anakwenda kumwandika. Tusiwe wakali bure. Mwandishi ambaye mshahara wake haufiki anaishi na bahasha hiyo, na watoto wake wanakula. Lakini matokeo ni nini? Kijana anasikia mu redio kwamba chuo fulani kimefunguliwa na ni kizuri sana, kwamba dawa fulani inatibu magonjwa saba, kwamba bwana fulani anapenda vijana. Anasikia sauti ileile iliyosoma habari za vita na za bei ya unga. Atajuaje kwamba habari ya kwanza ilitafutwa na ya pili ilinunuliwa? Nchi yetu ina baraza la kusimamia redio na televisheni, CSAC, ambalo sheria yake ni ya 2011. Baraza liko Kinshasa, na bahasha iko mu kila mji.

4. Rafiki wa mu simu

Basi tufike kwa simu, maana huko njo vijana wanaishi. Mambo yote niliyotaja yameingia humo na yamepata nguvu mpya. Mwimbaji alikuwa mbali, juu ya jukwaa. Huyu wa simu yuko mu mkono wako, anakuita « ndugu yangu », anakuonyesha chumba chake na sahani yake ya bukari. Nitachukua mifano mitatu.

Wa kwanza ni pari ya mipira. Kijana anatoa picha ya tiketi iliyoshinda, na pembeni yake noti zimepangwa kama karata. Chini anaandika: « Ingia na kodi yangu, utapata bonasi. » Wanafunzi wengi wanafikiri kodi ile ni zawadi kutoka kwa kaka mwenye roho nzuri. Kodi ni alama tu. Inaambia kampuni: mteja huyu ameletwa na fulani. Na mu mikataba mingi ya namna hiyo, aliyeleta wateja analipwa sehemu ya pesa ambazo wateja wake wanapoteza. Soma tena sentensi hiyo polepole. Anayekuita ndugu anakula kadiri unavyopoteza. Na ile bonasi kwa kawaida haitoki: lazima kwanza uichezeshe mara nyingi, na mu kuichezesha unaiacha humohumo pamoja na pesa yako. Tiketi zilizopotea hazipigwi picha. Pesa inayokwenda humo, kwa vijana wa umri wa sekondari, ni pesa gani? Si mshahara, maana hawana. Ni pesa ya masomo, ya usafiri, ya dawa ya bibi. Kampuni zenyewe zinaandika « 18+ » kwa herufi ndogo. Kaka wa kodi haandiki kitu.

Wa pili ni losheni za kung'arisha ngozi. Msichana wa Kampemba hamwoni muuzaji. Anaona dada mwenye uso laini anayesema kwamba hii ni siri yake, tena anaitoa kwa upendo tu. Uso umelainishwa na taa na programu ya simu. Losheni mara nyingi ina hidrokinoni, na nyingine zina zebaki. Dunia imejua habari za zebaki kwa muda mrefu: Mapatano ya Minamata ya 2013 yaliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza ng'ambo vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi kidogo sana. Chupa zinaendelea kupita mipakani, na dada anaendelea kutoa siri yake. Ngozi ikichomeka, dada amekwisha kubadili namba.

Wa tatu ni promosyo. Waliozaliwa kabla ya 1985 wanakumbuka Bindo. Mu 1990 na 1991, Kinshasa ilijaa nyumba za pesa zilizoahidi kurudisha mara nyingi kile ulichoweka, na Bindo ilikuwa kubwa kati yao. Zilianguka mu 1991, na watu waliouza mali zao walibaki na karatasi. Zilivuta watu kwa njia gani? Bango lilisaidia, lakini jirani alisaidia zaidi. Waliotangulia walilipwa kweli, na kila aliyelipwa alirudi mu lupangu akiwa na redio mpya, akawa ushuhuda unaotembea. Leo kitu kilekile kinapita mu makundi ya WhatsApp chini ya majina ya Kizungu, na kila mtu anayeingia anaambiwa alete watu watano. Pesa ya hao watano njo inayomlipa aliyewatangulia, hakuna pesa nyingine. Siku watano wakikosekana, nyumba inaanguka, na inaangukia wa mwisho.

Mu mifano hii mitatu hasara ya pesa na ya ngozi inaonekana. Kuna nyingine isiyoonekana haraka, na mimi ninaiogopa zaidi. Mtoto wa kidato cha nne aliyepewa kodi yake mwenyewe anaanza kuwatazama wenzake wa darasa na kuwahesabu. Huyu ana simu, huyu mjomba wake yuko Ulaya, huyu ni mwepesi kuamini. Hajawa mwovu. Ameajiriwa, bila mkataba, na bidhaa anayouza ni urafiki wake. Mu mji kama wetu, uliojengwa na watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi mu migodi na kwenye njia ya reli, undugu wa kartie njo ulikuwa benki na hospitali. Ukikosa, unagonga kwa jirani. Siku kila jirani atakuwa na kodi yake, tutagonga kwa nani?

5. Wanaonijibu

Wa kwanza ananiambia: « Mwalimu, vijana haiko wajinga. Wanajua kwamba yule amelipwa. » Kama wanajua, kwa nini wanafichwa? Mwenye kampuni si mpumbavu. Angeweza kununua bango lenye jina lake kubwa. Akichagua kumpa pesa kijana ili ajifanye anaongea tu na marafiki, ni kwa sababu maneno yasiyo na alama ya biashara yanaingia ndani zaidi. Pesa yake njo shahidi wangu.

Wa pili ananiambia: « Kazi hakuna. Acha mtoto ale. » Jibu hilo ninaliheshimu, maana ninawajua vijana wenye diploma wanaouza mayunite ya simu chini ya mwavuli. Ale, ndiyo. Lakini aseme. Kusema « nimelipwa kuwaonyesha losheni hii » kunachukua pumzi moja. Kama biashara inaweza kubeba maneno hayo, iendelee. Kama inakufa siku yanaposemwa, basi kilichokuwa kinauzwa ni uongo, na losheni ilikuwa kifuniko tu.

Wa tatu ni yule niliyeanza naye, mwenye kusema kwamba yote ni mila. Kwake ninaongeza swali moja. Katika mila unayoitaja, mtu aliyechukua maneno ya mkubwa akayatumia kwa faida yake kwa siri aliitwa nani? Kila lugha ya hapa ina jina la mtu huyo, na mu lugha hata moja jina hilo haliko sifa.

6. Tufanye nini

Sheria inaweza kusaidia. Ufaransa, ambako wengi wa watu wanaofuatwa na vijana wetu kwa Kifaransa wanakaa, ilipitisha sheria tarehe 9 Juni 2023. Sheria hiyo ilidai kwamba anayelipwa kusifu kitu mu mitandao aonyeshe wazi maneno ya kusema kwamba ni tangazo ama kazi ya biashara. Ilikataza kutangaza upasuaji wa urembo, ikafunga pari mahali ambapo watoto hawafiki, na anayevunja makatazo anaweza kupata miaka miwili ya gereza na faini ya euro 300.000. Kongo nayo ilipata sheria yake kubwa ya mambo ya numeriki tarehe 13 Machi 2023. Wanasheria wetu waichukue, waieleze kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za taifa, waonyeshe kijana anaweza kushitaki wapi. Sheria iliyokaa mu Kifaransa cha Kinshasa haivuki kizingiti cha lupangu ya Ruashi.

Shule ina kazi yake, na haidai programu mpya. Mu somo la Kifaransa, mu uraia, hata mu hesabu, mwalimu anaweza kuweka maswali matatu ubaoni: Nani anasema? Nani analipa? Nani atalia kama nikifuata? Achukue wimbo wanaoupenda, wanafunzi wahesabu mabanga, kisha waandike pembeni ya kila jina tendo moja jema wanalolijua la mtu huyo. Karatasi itabaki nyeupe, na weupe huo utawafundisha kuliko hotuba yangu. Mu hesabu, wachukue bonasi ya pari na masharti yake na wahesabu mpaka mwisho. Kijana anayechukia kuhubiriwa anapenda kugundua mwenyewe kwamba alichezewa.

Wazazi nao waache kusema tu « weka simu chini ». Waombe kuonyeshwa. « Huyu unayemfuata anaishi na nini? » ni swali la baba kwa mwanawe, sawasawa na lile la zamani: « Rafiki yako huyu ni wa nani? »

Na sisi, vyama vya utamaduni, tusijitoe. Sikukuu zetu zinakula pesa: hema, viti, sauti, usafiri wa wachezaji kutoka vijijini. Kampuni inakuja, inalipa, na sio dhambi kupokea. Lakini iko njia ya kupokea ambayo ni ya wazee, na iko nyingine. Ya wazee ni kusimama mwanzoni, mbele ya wote, na kusema: kampuni fulani imetoa hema na viti, tunashukuru. Hiyo ni zawadi iliyoonekana. Njia nyingine ni kumwekea mzee jina la kampuni mdomoni katikati ya baraka, kuwavika wachezaji wa ngoma rangi za kampuni na kuziita mavazi ya ukoo, kumpa mkubwa chupa ya kumwagia wahenga huku mpiga picha akigeuza chupa hiyo ili jina lake lionekane. Mambo hayo yakifanywa, tusiende kesho yake kuwafokea watoto juu ya TikTok. Watakuwa wameiga yale waliyoyaona kwetu, chini ya hema yetu.

Ninapendekeza basi jambo moja dogo, ambalo halidai franga hata moja: kila chama kiandike mu programu ya sikukuu yake, kwa herufi kubwa kama zile za majina ya wachezaji, nani ametoa nini. Na ndani ya kasala, ya ngoma na ya baraka, jina la biashara lisiingie.

Wanamuziki wetu hatuwachukii. Wana uwezo kuliko sisi wote wa kurudisha jambo hili mahali pake. Mmoja wao asimame, mu wimbo uleule, aseme: « Mtu huyu amenipa pesa niimbe jina lake. Ni mwana wa fulani, alijenga daraja la mtaa wake, na bado ana deni kwa wafanyakazi wake. » Apokee pesa yake palepale, mbele ya macho yetu. Siku hiyo nitakubali kwamba libanga limekuwa kasala, na mimi mwenyewe nitapita mbele kumbandika noti kwenye paji la uso.